Mzee yupo kwenye kemo na harusi ni Desemba: mbege aguse au asiguse?

Kibo_Kusini (mwanzisha uzi)
Wakuu habarini. Naomba ushauri kwa waliopitia hili au wanaofanya kazi hospitali.

Baba yangu ana miaka 67, mwaka huu amekutwa na saratani ya utumbo mpana. Amefanyiwa upasuaji na sasa yupo kwenye kemo, yaani dawa za kuua saratani. Anatundikiwa dripu ya oxaliplatin, halafu anameza vidonge vya capecitabine nyumbani wiki mbili, ya tatu anapumzika, mzunguko unaanza tena. Anaendelea vizuri, ukiacha kuharisha na ganzi ya vidole.

Sasa Desemba tunapanda Moshi, mdogo wangu anaolewa. Kwetu shughuli haiendi baba wa bibi harusi asiposhika kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Juzi kaniuliza mwenyewe, "Hizi dawa zinanizuia mpaka mbege?" Nikakosa jibu. Mama anasema hata tone asiguse, kaka anasema mbege ni chakula. Tushike lipi?

Seremala wa Tegeta
Pole kwa kuuguza mkuu. Kemo yenyewe ni sumu, pombe nayo ni sumu, ini la mzee litabeba mangapi? Mnunulieni soda, mambo yaishe.

Jiwe la Kusagia
Mzee kala chumvi nyingi huyo, mwacheni afurahi na binti yake. Wangapi hawakuwahi kunywa na wametutangulia?

Sista_Wodini
Nipo wodi ya saratani, ngoja niseme. Nyie wawili hapo juu kila mmoja kakimbilia ukingo wake.

Kemo si dawa moja. Kuna procarbazine, hiyo ukiichanganya na pombe uso unawaka, moyo unakwenda mbio, unatapika. Methotrexate inalielemea ini, pombe ikiongezeka ni balaa. Dawa za mzee wako hazigombani na pombe kwa namna hiyo, ndiyo maana wapo madaktari wanaomruhusu mgonjwa kunywa kidogo siku moja moja. Lakini wanaruhusu wakiwa na majibu ya ini na figo mezani, si kwa kuhurumia.

Kwa mzee mimi ningeanza na kuharisha. Anayeharisha ameshapoteza maji, na pombe inamkojoza anazidi kukauka. Siku ambayo tumbo halijatulia, jibu ni hapana. Akiwa na vidonda mdomoni pia hapana, maana kilevi kinachoma na kuvichokonoa. Ganzi nayo isipuuzwe: oxaliplatin inaumiza mishipa ya fahamu, na pombe nyingi inafanya uharibifu huohuo. Na kama amepewa Flagyl kwa ajili ya tumbo, pombe isimkaribie mpaka dozi iishe na siku kama tatu zipite.

Kwenye mbege kinachonitia wasiwasi zaidi ni vijidudu kuliko kilevi. Chembe nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu, mara nyingi zinashuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Mbege ikishachacha haichemshwi tena, na kata moja inapita midomo ya ukoo mzima. Mgonjwa wa kemo akipata homa ya nyuzi 38 ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama maharusi bado hawajakata keki. Na huko kijijini usiku wa manane gari mtalipata wapi?

Mama Pacha
Dripu hiyohiyo nilitumia. Hakuna aliyekutajia baridi! Nilikunywa maji ya friji siku ya pili, koo likanibana nikahisi nimemeza vipande vya chupa. Kushika tu chupa ya baridi, vidole vilipigwa shoti. Kwa hiyo hata hiyo soda ya Seremala iwe ya moto. Na asubuhi za huko mlimani zina ubaridi, mbebeeni glovu na skafu.

Mangi Mkavu
Anayesema mbege ni chakula anasahau msesewe. Lile gome linalotia uchungu ni dawa ya miti, na daktari wenu huenda hajawahi kulisikia. Mtajieni.

Kuhusu mila msiogope. Baba yangu mdogo alikuwa na kisukari, alipokea kata akiwa amesimama, akasema maneno yake yote, akaigusa na mdomo, akampa kaka yake. Nani alikwenda kumkagua kameza kiasi gani? Ila kwa alichosema Sista, mzee wenu awe na kata yake peke yake, isipite kwingine. Kwa baba wa bibi harusi wala haitashangaza mtu.

Sista_Wodini
Mangi, hiyo ya kata yake peke yake nimeipenda. Kibo, kabla hajaugua mzee alikuwa anakunywa kiasi gani? Na sasa ameacha kweli?

Kibo_Kusini
Hapo umenigusa Sista. Alikuwa mtu wa Konyagi, chupa ndogo kila jioni. Anasema ameacha. Wiki iliyopita mama kaikuta chupa nusu kwenye stoo ya majembe, akaimwaga bila kusema kitu.

Sista_Wodini
Basi harusi iwekeni pembeni kwanza, kazi ipo hapo stoo. Chupa ya mililita 200 yenye kilevi asilimia 35 inakaribia bia tatu za nusu lita. Kila jioni, na vidonge vya kemo juu yake.

Ila msimnyang'anye ghafla. Mtu wa kila siku akikatishwa kwa mara moja, ndani ya siku mbili tatu anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona watu wasiokuwepo, hata kupata degedege. Watu wanadhani saratani imepanda kichwani, kumbe ni pombe imekatwa. Kuna namna ya kumshusha kwa dawa na vitamini B1, anayeipanga ni daktari. Na kama anatumia dawa kali ya maumivu, morfini ya maji au tramadol, mkiichanganya na Konyagi anaweza kulala na pumzi ikafifia.

Jiwe la Kusagia
Nafuta ushauri wangu wa mwanzo. Sikujua kuna stoo.

Kibo_Kusini
Ahsanteni sana. Kliniki ni wiki ijayo. Nitaomba wapange dripu ili harusi iangukie wiki yake ya mapumziko, damu ipimwe kabla hatujasafiri, na msesewe nitautaja. Sista, la mwisho: la chupa nimwambie daktari pembeni au mzee akiwepo?

Sista_Wodini
Akiwepo. Daktari akiuliza, mwache mzee ajibu mwenyewe kwanza, usimdakie. Asipoitaja ndipo useme, kwa adabu: "Baba, na ile ya stoo." Mama naye aingie, ndiye anayejua kiasi kilichobaki kwenye chupa.