MREJESHO: Debian yangu iliyochanganya matoleo ya 12 na 13

Wakuu, niliuliza kwa nini kompyuta ya dukani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, inayotumia mfumo wa Debian (aina ya Linux), inakataa kusakinisha build-essential, yaani pakiti inayoleta zana za kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu). Nilihitaji kukompaili draiva ya printa, na wanafunzi walikuwa wanasubiri kuchapa kazi zao.

Mlioniambia niandike "apt policy libc6", Mungu awabariki. (apt ndiyo inayosakinisha pakiti; libc6 ni maktaba ya msingi ya mfumo; amri hiyo huonyesha toleo lililopo na lilikotoka.) Jibu lilikuwa pale pale. Nilikuwa na Debian 12 (bookworm), ambayo libc6 yake ni 2.36. Nikaongeza mstari wa trixie (Debian 13) kwenye sources.list, faili linaloiambia apt ichukue pakiti wapi, ili nipate LibreOffice mpya tu, nikidhani nachukua kitu kimoja. Kumbe LibreOffice ile ilidai libc6 mpya zaidi, apt ikaipandisha hadi 2.41. Mstari ule nikaufuta, lakini libc6 ikabaki juu. Sasa build-essential inahitaji libc6-dev, na libc6-dev ya Debian 12 inataka libc6 yenye namba ileile yake, si kubwa wala ndogo. Ndiyo maana iligoma.

Kuna aliyenishauri niweke kipaumbele 1001 kwa pakiti za Debian 12 ili apt izirudishe kwenye matoleo ya chini. Inawezekana, ila kuteremsha libc6 niliogopa, kwa sababu karibu kila programu inaitegemea. Nikahamisha mafaili kwenye diski ya nje, nikasakinisha Debian 12 upya. Kazi hiyo ilichukua kama muda wa saa mbili.

LibreOffice nimeichukua bookworm-backports, ambako pakiti mpya hujengwa kwa ajili ya Debian 12 yenyewe. libc6 haikuguswa. Draiva imekubali, na tangu jana asubuhi tunachapa.