Mjadala: Je, muuguzi aliyefunzwa kwa fedha za umma azuiwe kwenda ng'ambo?

Hapa Kisumu, kila habari za uhaba wa wauguzi zinapozuka, hutokea wanaotaka sheria imfunge muuguzi au mkunga aliyesomea chuo cha umma asiondoke nchini kabla ya kutumikia miaka kadhaa, kwa kuwa kina mama wanaumia vijijini huku yeye akiwauguza wazee wa Uingereza. Hasira iliyomo katika hoja hiyo naielewa, lakini hoja yenyewe naipinga.

Dada yangu alijifungulia katika kituo cha afya upande wa Nyando, usiku ambao mkunga mmoja alikuwa na kina mama watatu. Uchungu ukishika kasi, mapigo ya moyo wa mtoto hupaswa kusikilizwa angalau kila nusu saa. Naye mama aliyekwisha kujifungua huangaliwa kila robo saa katika saa mbili za kwanza, maana damu ikianza kumwagika inaweza kumuua kabla gari la wagonjwa halijafika. Damu ya dada yangu ilianza kumwagika. Mkunga alimwahi kwa sindano ya oksitosini, akamkanda tumbo mpaka ikakatika, na wakati huo huo mama wa kitanda cha pili akajifungua bila mtu wa kumpokelea mtoto. Wote walipona, namshukuru Mungu, ila sijasahau uso wa mkunga yule kulipopambazuka.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka huo huo, binti wa jirani yetu, mwenye leseni ya Baraza la Wauguzi, alikuwa akiuza mitumba katika soko la Kibuye akisubiri kaunti itangaze nafasi. Pengo la wadini na muuguzi asiye na kazi walikuwa katika kaunti moja, wasikutane. Hata mapatano ambayo Kenya na Uingereza zilitia saini mwaka 2021 yaliwalenga wauguzi wasio na ajira. Serikali yenyewe ilikubali kwamba wapo.

Mwaka 2013 huduma za afya zilikabidhiwa kaunti, na mwaka huo huo kujifungua katika hospitali za umma kukatangazwa kuwa bure, kina mama wakaongezeka wadini bila wakunga kuongezeka kwa kadiri hiyo. Mwaka 2017 wauguzi waligoma miezi mitano. Mwaka 2020 maelfu ya wahudumu waliajiriwa kwa mikataba ya muda chini ya mpango wa afya kwa wote, na miaka mitano baadaye walikuwa wangali wanaandamana kudai ajira ya kudumu.

Nakiri jambo moja zito: waajiri wa ng'ambo huvutiwa na wenye uzoefu, na mkunga wa miaka kumi akiondoka, huondoka na mtu wa kuwafundisha wanaoanza. Kwa aliye katika ajira ya kudumu na aliyelipiwa masomo ya juu na kaunti, mkataba wa kurudi kutumikia ni haki. Lakini Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuondoka nchini, na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi. Mzigo wa hicho cha pili ni wa serikali, wala haufai kutwikwa muuguzi ambaye serikali haikumwajiri.

Anayetaka sheria ya kuwafunga na atueleze kwanza: binti wa Kibuye angefungwa atumikie wadi ipi?