Zinki haina spini: inawezaje kuleta mpangilio wa kisumaku?

Mwanafunzi_Kisumu

Hamjambo wanajukwaa. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu antiferomagneti, yaani vitu ambavyo spini (usumaku mdogo wa kila atomi) za majirani huelekea pande zinazopingana, na kwa kuwa huku Kisumu sina njia ya kuufikia mwale wa nyutroni, kazi yangu yote ni ya nadharia na kompyuta. Nimekwama mahali pawili. Katika fuwele ya La2CuO4, ambayo spini zake hujipanga kwa kupishana chini ya takriban kelvini 325, atomi za shaba zinapobadilishwa kwa zinki mpangilio hudhoofika, na hutoweka zinki inapokaribia asilimia 41. Hilo linaeleweka. Lakini fuwele nyingine yenye shaba, CuGeO3, ikiwa safi haina mpangilio huo kabisa, na zinki kidogo tu huuleta. Kitu kisicho na spini kinazaaje usumaku?

La pili ni kigezo cha Harris cha mwaka 1974, kinachopima kama uchafu (atomi ngeni au zilizokosekana) hubadilisha tabia ya mpito kutoka hali moja hadi nyingine. Nimekitumia kwa modeli ya Heisenberg ya tabaka mbili za spini zinazoathiriana, nikapata kwamba uchafu hauathiri mpito wa kwanta wenyewe, yaani ule unaotokea kwenye sufuri kamili bila kusukumwa na joto. Msimamizi wangu ameandika pambizoni "hesabu upya", basi.

Mwalimu_wa_Njoro

Ndugu, nitajibu la kwanza. Chini ya kelvini 14 hivi, atomi za shaba katika minyororo ya CuGeO3 husogeleana mbili mbili, na spini za kila jozi hufungamana hata jumla yake ikawa sufuri. Ili kuivunja jozi hiyo ni lazima ulipe nishati fulani, ndiyo maana fuwele safi haioneshi usumaku. Aliyekulia Bungoma au Trans Nzoia amewaona ng'ombe wawili wakilima kwa nira moja. Ukimwondoa mmoja, kulima kunasimama, lakini yule wa pili hajaenda popote. Amebaki shambani bila mwenzake. Zinki inapoketi mahali pa shaba moja, shaba iliyobaki hubaki na spini huru ya nusu.

Mfano wa ng'ombe unakomea hapo, kwa sababu spini hiyo haikai mahali pamoja. Husambaa katika ujirani wake kwa upana unaolingana na urefu wa uhusiano wa spini katika fuwele (umbali ambao spini bado zinafuatana), na kupitia ujirani huo spini mbili huru huathiriana hata zikiwa mbali. Nguvu ya kuathiriana hupungua haraka kadiri umbali unavyoongezeka, lakini ishara yake hufuata mpishano wa fuwele, kwa hiyo ingawa atomi za zinki zimetawanyika ovyo, spini zilizoachwa hazipingani: kila moja inajua ielekee juu au chini. Halijoto ikishuka vya kutosha, hujipanga. La2CuO4 haina jozi za kuvunjwa. Inachopoteza ni viungo, na asilimia 41 ndicho kiwango ambacho wavu wa miraba hukatikakatika hata pasiwe na njia ya kuuvuka.

Itazame pia TlCuCl3, fuwele nyingine ya jozi za shaba, ambayo shinikizo la takriban kilobaa 1 huifikisha kwenye mpito wa kwanta, pale jozi zinapoupisha mpangilio. Kadiri pengo la nishati, yaani ile nishati ya kuvunja jozi, linavyofunga, urefu wa uhusiano hukua bila kikomo, na spini huru chache sana huanza kusikilizana.

Fizikia_Kakamega

Kuhusu la pili, nadhani ninaliona kosa, kwa sababu mimi mwenyewe nililifanya. Ili uchafu usibadilishe mpito, kigezo kinataka kipeo cha urefu wa uhusiano katika mfumo safi (namba inayoonyesha urefu huo unavyokua kwa kasi gani karibu na mpito) kizidi 2 ikigawanywa kwa d, idadi ya dimensheni. Kipeo cha modeli yako ni karibu 0.711. Bila shaka uliweka d kuwa 3, kwa kuwa mpito wa kwanta wa tabaka hizo unafanana na mpito wa kawaida wa dimensheni 3, muda wenyewe ukihesabiwa kama dimensheni ya ziada. Ukapata 0.667, ukaridhika. Lakini uchafu hauhami: atomi iliyokosekana leo imekosekana wakati wote, kwa hiyo d ni ya nafasi tu, yaani 2. Sharti linakuwa 1, na 0.711 haifiki. Uchafu unaubadilisha mpito.

Mwanafunzi_Kisumu

Dada, ni kweli niliweka 3. Asante sana. Sasa nikirudia kwenye kompyuta, niondoe spini moja moja?

Fizikia_Kakamega

Hapana, si mwanzoni. Ukiondoa moja moja, spini huru alizozieleza Mwalimu zitajipanga na kuufunika mpito unaoutafuta. Ondoa jozi nzima, spini ya tabaka la juu pamoja na ile iliyo chini yake katika tabaka la pili, ili pasibaki mpweke. Kwa njia hiyo hesabu zilizochapishwa mwaka 2004 zilipata kipeo kipya cha 1.16, ambacho kinatimiza sharti. Upande safi ujaribu kwanza: mpito wake uko pale uwiano wa nguvu baina ya tabaka na nguvu ndani ya tabaka unapofika 2.522, na programu isiyoupata ina hitilafu.

Mwalimu_wa_Njoro

Naongezea moja. Spini moja huru katika mfumo ulio kwenye mpito haifuati kanuni ya Curie (mwitikio wa spini kwa sumaku ni kigawo fulani kikigawanywa kwa halijoto) kwa kigawo cha 0.25 kinachotarajiwa kwa spini ya nusu. Hesabu za kompyuta za mwaka 2007 zilipata 0.262. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo chukua wastani wa majaribio mengi, na hifadhi matokeo kila baada ya muda mfupi, maana umeme ukikatika saa tisa za usiku hautakuuliza umefika wapi.