Mjadala: Mhandisi wa nishati ahitimu uzamili bila kugusa mtambo?

Wadau, leo mtu anaweza kupata shahada ya uzamili ya uhandisi wa nishati endelevu akiwa hajawahi kupima umeme wa kijiji hata kimoja. Napinga jambo hilo.

Tasnifu nyingi za fani hii zina njia moja. Unachagua kijiji, unapakua takwimu za jua, unakadiria matumizi ya kila kaya, kisha programu kama HOMER inakupa idadi ya paneli, betri na gharama ya kila uniti. Hesabu inatoka safi kabisa. Sasa washa mashine ya kusaga mahindi. Mota ya kawaida ikiunganishwa moja kwa moja huvuta, inapoanza, mkondo mara 5 hadi 7 ya ule inaoutumia ikishashika kasi. Wastani wa saa nzima hauonyeshi hizo sekunde chache, lakini inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uweze kutumika majumbani, inazihisi na inajizima. Kijiji kizima giza. Fundi wa pale anajua dawa: afunge kifaa cha kuanzisha mota taratibu, au akubaliane na mwenye mashine asage mchana, jua likiwa kali. Hilo la pili ni kukaa na watu na kuelewana, na sijaona mtihani unaolipima.

Wapo wanaosema uzamili ni utafiti, ufundi una VETA, vyuo vya ufundi stadi. Kweli, asiyejua hesabu hawezi kusanifu gridi. Ila utafiti haugombani na mtambo. Mafunzo ya jotoardhi ya Iceland, yaliyoanza 1979 na kupokea Wakenya wengi, ni ya miezi sita: darasani, mitamboni, halafu mradi ambao mara nyingi hutumia takwimu za nchi ya mshiriki mwenyewe. Kenya leo inaongoza Afrika kwa umeme wa jotoardhi, na wataalamu wengi wa Olkaria, eneo la vituo vyake vya jotoardhi, walipitia huko.

Napendekeza muhula mmoja kwenye gridi ndogo (mfumo wa umeme wa kijiji) au kituo cha umeme, mwanafunzi apime mwenyewe mzigo wa umeme, na msimamizi wa kituo atoe sehemu ya alama. Ugumu ni pesa: vifaa vya kupimia, nauli, bima. Naona mwenye mtambo achangie, maana vipimo vile vitamfaa kupanga upanuzi.

Mnaoendesha vituo, mtampokea mwanafunzi kwa miezi minne? Kwa masharti gani? Na wahadhiri, mko tayari kugawana alama na mtu asiye na shahada ya uzamili?