Kibanda cha gemu Arua: PS4 mbili zilizotumika, PS5 moja mpya, au Xbox Series S?

Kijana_wa_Oli (Arua)

Salaam wakubwa. Nimepata chumba karibu na soko hapa Arua, nataka kufungua kibanda cha gemu, televisheni mbili kwa kuanzia. Wateja ni wanafunzi wa sekondari na vijana wa boda wanaosubiri abiria. Wao ni mpira tu, labda na ngumi za Mortal Kombat kidogo. Pesa yangu inatosha jambo moja kati ya haya: PS4 Slim (PlayStation ya Sony) mbili zilizotumika pamoja na padi, yaani vidhibiti vya mkononi, za akiba, PS5 moja mpya yenye tundu la diski, au Xbox Series S za Microsoft mbili, maana Kampala nimeona bei yake iko chini kabisa ya PS5. Kuna rafiki pia ananisukuma nichukue Nintendo Switch 2, eti ndiyo mpya kuliko zote. Mnanishauri nini? Na hiyo Series S, mbona rahisi hivyo?

Wa_Ntinda

Chukua Series S mbili kaka, usipoteze muda. Urahisi wake si ugonjwa. Ilitoka Novemba 2020 kwa dola 299 wakati kaka yake mkubwa Series X na PS5 ya diski zilikuwa dola 499. Ndani kuna prosesa ya familia ileile ya AMD, Zen 2, na SSD, hifadhi ya ndani, ya kasi. Walichopunguza ni nguvu ya picha, teraflopu (kipimo cha nguvu hiyo) 4 dhidi ya 12 za Series X, na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 10 badala ya 16. Kwa televisheni ya inchi 32 mteja wako hataona tofauti, yeye anaangalia bao tu. Halafu kuna Game Pass: unalipia mwezi, unapata mamia ya gemu. Ukinunua PS4 leo unanunua mashine ya 2013.

Mama_Gemu (Jinja)

Wa_Ntinda, wewe unacheza sebuleni kwako. Huyu mtoto anafungua biashara.

Mwanangu wa Oli, Series S haina tundu la diski. Weka hilo mbele ya mengine yote. Kila gemu itaingia kwa intaneti, na gemu ya mpira ya siku hizi inapita GB 50 kwa urahisi, bado hujahesabu masasisho. Piga hesabu ya bando kwanza, ya mashine baadaye. SSD yenyewe ni GB 512 na mfumo unakula sehemu yake. Mwezi ukiisha hujalipia Game Pass, gemu zake zinafungwa na wateja wamekaa wanakutazama.

Umeuliza mbona rahisi. Mei 2021, kwenye kesi ya kampuni ya gemu Epic dhidi ya Apple, ofisa wa Microsoft aitwaye Lori Wright aliulizwa mahakamani, akajibu kwamba kampuni yake haijawahi kupata faida kwa kuuza mashine ya Xbox yenyewe. Pesa inarudi kwa mlango mwingine: fungu la kila gemu inayouzwa kwenye duka lao, kwa kawaida asilimia 30, na usajili wa kila mwezi. Ni kama zile simu za bei ya kutupa zinazouzwa na kampuni za laini, faida haiko kwenye simu, iko kwenye vocha utakazonunua. Sony nao walianza kuuza PS5 kwa hasara, mpaka Agosti 2021 wakatangaza kwamba ile ya diski ya dola 499 haiuzwi tena kwa hasara. Kwa hiyo kabla hujasifu bei, uliza mwenye mashine anategemea kurudisha pesa yake kwako kwa njia gani, na kama njia hiyo inafika Arua.

Mara nyingi haifiki. Uganda haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network (PSN), mtandao wa Sony wa akaunti na duka la gemu. Tunafungua akaunti za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, halafu tunatafuta mtu wa kutuuzia kadi za vocha. Mei 2024 Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PSN, gemu hiyo iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambazo PSN haiko. Kelele zilipozidi Sony wakalegeza sharti, lakini ramani tuliiona.

Ndiyo maana mimi ni mtu wa diski. Nanunua iliyotumika, inanifanyia kazi msimu mzima, nauza, naongeza kidogo, nachukua nyingine. Hapo katikati mtengenezaji hapati hata shilingi, na wala sishangai kwamba wanaliondoa tundu polepole. PS5 Pro ya Novemba 2024 iliuzwa dola 699 bila tundu. Ukilitaka unalinunua pembeni, na ukilifunga mara ya kwanza mashine inadai intaneti ili ilisajili. Kumbuka Januari 2021 wakati wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwenye diski aliendelea kupiga mpira wake.

Afande_Bombo (mstaafu)

Nakubaliana na Mama wa Jinja. Naongeza mawili.

Kwanza, usihesabu umri wa mashine tangu ilipotoka. Hesabu mpira utaendelea kutolewa kwake mpaka lini. PS2 ilianza Japani Machi 2000, gemu yake ya mwisho ya mpira ya FIFA ni FIFA 14, ya 2013. PS3 ilianza 2006, ikafika FIFA 19. PS4 ni ya Novemba 2013, na FC 26 (jina jipya la FIFA) iliyotoka Septemba 2025 bado ilitolewa kwa PS4. Hiyo ni miaka kumi na miwili kazini, na siku wakiikata, diski zilizopo hazifi.

Sababu ni wingi. PS2 ziliuzwa zaidi ya milioni 155, PS4 zaidi ya milioni 117. EA, mtengenezaji wa FIFA na FC, hawezi kuwatupa wateja wengi hivyo mapema. Sasa tazama upande wa pili. Wii U ya Nintendo, ya 2012, iliishia milioni 13 na ushee. Ilipata FIFA 13, ikawa ya kwanza na ya mwisho. Dreamcast ya Sega ndiyo iliyoumia zaidi: ilianza Japani mwaka 1998, EA wakakataa kuitengenezea gemu hata moja, na 2001 Sega wakatoka kabisa kwenye biashara ya mashine za gemu. Ilikuwa mashine nzuri. Uzuri haukuisaidia.

Pili, zamani kusubiri kulilipa. PS2 ilianza dola 299 Marekani, 2009 ikawa 99. PS5 ilianza 499, na Agosti 2025 ikapandishwa hadi 549 hukohuko Marekani. Anayekwambia ngoja mwaka ujao zitashuka anakumbuka vita vya zamani.

Wa_Ntinda

Heshima yako Afande, lakini unawasifu Sony mno. Padi ya Xbox One ya 2013 inafanya kazi kwenye Series S bila shida. Padi ya PS4 ukiichomeka PS5 haichezi gemu za PS5, inakubali za PS4 tu. Sasa kwenye kibanda, padi ndizo zinazokufa kila mara. Nani anamheshimu mteja hapo? Na Series X, yenye tundu, inasoma hadi diski nyingi za Xbox 360.

Afande_Bombo (mstaafu)

Kwa padi, nakupa. Kwa mengine sikupi.

Microsoft, kampuni yako, inauza silaha kwa adui. Gemu yao Forza Horizon 5 iko PS5 tangu Aprili 2025, na Gears of War: Reloaded ikafuata Agosti. Walinunua Activision Blizzard mwaka 2023 kwa dola bilioni 68.7, na gemu ya huko, Call of Duty, bado inauzwa kwa kila mtu. Mimi sioni kosa hapo, ni hesabu: wameacha kushindania idadi ya mashine, wanafuata gemu na usajili popote mchezaji alipo. Wana miaka hawatangazi wameuza Xbox ngapi. Lakini kijana huyu anataka mashine ambayo vipuri vyake vipo, fundi wake yupo, na diski zake zinazunguka mtaani. Arua hiyo ni PlayStation.

Betri_Mbale

Ngoja niseme neno la Switch kabla haijazikwa. Nintendo hawashindani na hao wawili kwa nguvu, waliacha zamani. Wii ya 2006 ilikuwa dhaifu kuliko PS3 na Xbox 360, ikauzwa dola 249 wakati PS3 ilianzia 499, na ikapita milioni 101. Switch ya 2017 ilitumia chipu ya Nvidia Tegra X1 ambayo haikuwa mpya hata siku hiyo, na imepita milioni 150. Umeme ukikatika unaendelea kucheza mkononi. Mimi Switch yangu siitoi.

Lakini kwa kibanda, hapana. Switch 2 ilianza dola 449.99 Juni 2025, na vipadi vyake vinachomoka na kuingia mfukoni. Tena baadhi ya kaseti zake hazina gemu ndani, zina ufunguo tu, gemu yenyewe unaipakua. Tumerudi palepale kwa bando. Mwambie rafiki yako akununulie yeye.

Fundi_Wandegeya

Mimi mashine hizi nazifungua kila siku, nitasema ya mezani kwangu.

Moto wa umeme kwanza. PS4 Slim ikiwa kwenye gemu inakula kama wati 80 hivi. PS5 inafika 200. Series S iko karibu na PS4. Kwa mtu anayenunua Yaka, umeme wa kulipia kabla, na ana inverta ndogo ya dharura, PS5 moja inamaliza betri ya PS4 mbili. Hesabu na televisheni.

Volti. Mashine nyingi zilizotumika zinaingia kutoka Marekani, Ulaya na Dubai. Xbox 360 na Xbox One ya kwanza za Marekani zina adapta ya nje ya volti za huko, ukiichomeka kwenye 240 yetu utasikia harufu kabla hujaona kitu. PS4 nyingi zinakubali 100 mpaka 240. Geuza mashine, soma lebo. Usimwamini muuzaji, soma lebo.

PS4 ina betri ndogo ya saa ndani, kama ya kwenye ubao wa kompyuta. Kwenye programu za zamani, betri hiyo ikifa na mashine haifiki PSN, gemu zilikataa kufunguka, hata za diski. Sony walilirekebisha kwenye programu namba 9.00 ya Septemba 2021. Ingia kwenye mipangilio uone namba. Ikiwa chini ya 9.00, isasishe kabla hujaibeba kwenda Arua.

PS5 ni nzuri, ila kati ya chipu na kipoza joto wameweka metali ya majimaji badala ya gundi ya kawaida. Inapoza vizuri sana. Fundi asiyeijua akifungua na kuimwaga kwenye ubao, mashine imekwenda. Mafundi wa PS4 wapo kila mji. Wa PS5 wanaojua kazi hiyo ni wachache, na nauli ya kuleta mashine Kampala unaijua mwenyewe.

Kuhusu padi, Wa_Ntinda ana haki. Kinachokufa ni kile kipimo kidogo chini ya kijiti: mchezaji anaanza kutembea mwenyewe bila kuguswa. Padi ya PS4 nabadilisha hicho kipande tu, padi inarudi kazini. Kwa hiyo usitupe padi mbovu, ziweke kwenye boksi, ni duka lako la vipuri.

Kijana_wa_Oli (Arua)

Asanteni sana wakubwa. Afande, Mama, nimewaelewa. PS4 mbili. Series S nitaiangalia siku nikipata intaneti ya kudumu. Mama, diski nianze na ipi, FC 26 au ile ya nyuma? Na muda nitoze kwa mechi au kwa saa?

Mama_Gemu (Jinja)

Nunua moja ya FC 26 na moja ya msimu uliopita, ya bei ndogo. Wenye haraka ya kikosi kipya watapanga foleni kwenye ya kwanza, wengine wanataka tu kufungana. Toza kwa mechi mchana na kwa saa jioni wakijaa, na dakika za kipindi weka wewe, usiwaachie. Mashindano ya Jumapili yanalipa kuliko siku tatu za kawaida, ila pesa ya kiingilio ishike mkononi kabla ya mechi ya kwanza.

Wa_Ntinda

Basi angalau televisheni moja iwe nzuri, kaka.

Fundi_Wandegeya

Siku ya kununua nenda na diski yako mwenyewe. Iingize, itoe, iingize tena, sikiliza. Cheza mechi nzima na siyo menyu tu, maana feni yenye vumbi inaanza kulia kipindi cha pili. Jaribu matundu yote mawili ya USB, na uingie kwenye akaunti yako mwenyewe pale pale dukani, kwa sababu mashine iliyofungiwa PSN huigundui kwa kuitazama. Kama muuzaji anakwambia umeme umekatika hawezi kuiwasha leo, mwambie utarudi kesho.