"Karibu na stesheni" ipi? Mahoteli ya Nairobi, acheni kutuhadaa tunaokuja na SGR (reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi)

Jamani wenzangu wa Malindi, na yeyote anayepanda treni na watoto, someni hapa kabla hamjamtumia mtu arubuni.

Tangazo la hoteli lilisema hivi: dakika tano kutoka stesheni kuu ya treni, chumba cha familia, mahali patulivu. Sikuridhika na tangazo, nikapiga simu. Nikamweleza mhudumu kwamba tunatoka Malindi, tunakuja na treni ya usiku, nina watoto wadogo na mavyaa wangu ambaye magoti yanamsumbua. "Usijali mama, sisi tuko hapo hapo stesheni." Nikatuma pesa.

Kumbe stesheni yake ni ile ya zamani, katikati ya mji, ya tangu reli ya Waingereza ilipofika Nairobi mwaka 1899! SGR haifiki hapo. Tangu 2017 sisi wa Mombasa tunashushwa Syokimau, zaidi ya kilomita 15 kutoka mjini. Na msiniambie kijana yule hakujua. Alisikia Malindi, akasikia treni. Kuna treni gani nyingine ya abiria inayotutoa sisi pwani?

Treni ya usiku inaondoka Miritini, stesheni ya SGR ya Mombasa, saa nne, inafika kabla ya saa kumi alfajiri. Kabla ya hapo mmeshakula kilomita 120 za Malindi hadi Mombasa na msongamano wa Mtwapa. Mtoto akishuka Syokimau saa hiyo hajui hata jina lake. Nje baridi, na madereva wa teksi kila mmoja ana bei yake, halafu mnaanza kubishana nani atalipia ada ya ile barabara ya juu (Expressway). Najua kuna atakayeniambia habari ya treni ndogo inayounganisha hadi mjini. Ipo, na kwa kijana mwenye begi moja mgongoni ni nzuri sana. Mwambie mavyaa wangu.

Tukafika. Mapokezi wananiambia chumba ni kuanzia saa nane mchana, nikikitaka sasa niongeze nusu ya bei ya siku. Hapo ndipo damu ilinichemka, maana kazi hii naijua. Nimetandika vitanda katika hoteli za huku kwetu, wageni Wataliani wakitua Mombasa usiku wa manane. Mgeni akitaja saa ya kufika, chumba kinazuiliwa kuanzia jana yake, na kama kuna nyongeza anaambiwa siku ile ile anapoweka nafasi. Haambiwi akiwa amesimama na mtoto begani, hana pa kwenda. Huo ni utekaji nyara!

Nikalipa. Ningefanyaje?

Sasa chumba chenyewe. Ghorofa ya nne, lifti "inatengenezwa". Mavyaa alipanda akipumzika kila kona ya ngazi, akitaja majina ya Mwenyezi Mungu yote. Chumba cha familia ni kitanda kimoja cha watu wawili na godoro la sponji lililoegemezwa ukutani, nalo lina malipo yake. Kitanda kimesukumwa chini ya dirisha lisilo na grili. Ghorofa ya nne, jamani, na mtoto yeyote huruka kitandani! Jambo la kwanza nililofanya ni kuburuta kitanda, nikaacha michirizi sakafuni, na wakija kunidai wanidai. Bafuni ile heta ya kichwa cha shawa ina nyaya nje, tukawaogesha watoto kwa maji ya ndoo. Na huo utulivu waliouandika? Chini ni kilabu cha pombe, muziki mpaka alfajiri. Nilipouliza soseji za asubuhi ni halali, mpishi alimtazama mwenzake kwanza. Watoto wakala mkate na ndizi.

Nikasema basi, tunahama, nirudishieni changu. Arubuni hairudi. Hilo halikuwa limeandikwa popote.

Na si Nairobi peke yake. Ile treni ya saa mbili asubuhi sisi wa Malindi hatuiwahi bila kulala Mombasa, na huko nako utaona "karibu na stesheni" kwa hoteli iliyo kisiwani, wakati treni iko Miritini, bara. (Tena stesheni ya Mariakani iko kaunti yetu ya Kilifi, lakini treni ya express inapita tu bila kusimama, tukiitazama. Hayo tuyaache leo.)

Mimi sasa msimamo wangu ni huu: mwenye watoto akilazimika kupanda ya usiku, alale huko huko Syokimau, aingie mjini kukishapambazuka. Mjini panafaa ukipanda ile ya saa tisa alasiri, ukafika saa mbili na kitu usiku, maduka bado wazi na chumba hakina kisingizio. Na kabla ya kutuma hata shilingi, mwenye hoteli akutajie stesheni kwa jina, akutumie picha ya chumba chenyewe iliyopigwa siku hiyo, dirisha lionekane, na aandike kwenye ujumbe kwamba utaingia chumbani saa utakayofika na kwa bei gani. Akikujibu "usijali mama", kata simu.

Disemba tunakwenda tena, harusi. Anayejua nyumba ya kulala Syokimau yenye vitanda vitatu kweli, chini au lifti inayofanya kazi, isiyo juu ya kilabu, aandike hapa na aseme alilala lini. Na nyinyi wenye mahoteli mnaopita humu na matangazo yenu, kwanza jibuni: stesheni ipi?