Fensi ya miti ya shambani kwangu Chanika: mwaka haujaisha, nguzo zinakatika kama muwa!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Kiangazi cha mwaka jana nilitaka kuzungushia seng'enge kashamba kangu ka heka moja huku Chanika. Mpakani ipo mijohoro aliyoipanda marehemu mzee, nikaona ninunue nguzo za dawa za nini? Fundi naye akanijaza: "Bosi, miti unayo, wewe toa ya ufundi tu." Nikatoa laki tatu na nusu, nikarudi zangu dukani Kariakoo.

Masika haya ng'ombe wa watu wameingia kwenye mihogo. Nimekwenda kuangalia, nikaisukuma nguzo ya kona kwa goti, ikakatika usawa wa udongo. Nikabandua gome: ndani udongo mtupu, mchwa wanakimbizana. Yaani kilichokuwa kimeshika seng'enge ni gome! Nguzo 64, nzima nimekuta 9.

Sasa sikieni alichofanya huyu mtu. Ile mijohoro iliyokomaa, yenye kiini cheusi kinachomshinda mchwa, hakuigusa, maana inataka jasho. Kakata machipukizi unene wa kiwiko changu, ndani weupe mtupu, akayachimbia siku hiyohiyo, mabichi, na magome yake.

Na oil chafu nilimnunulia, dumu la lita 20. Kapaka JUU! Pale ninapopaona nikisimama barabarani. Huko chini kwenye udongo, kunakooza na kuliwa, hata tone hakuna. Nimempigia simu, jibu lake: "Kaka, mchwa kaumbwa na Mungu, mimi nifanyeje?"

Na asije mtu hapa na "ungeweka za zege". Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna mama ana fensi ya mjohoro huuhuu. Mume wake alikata miti minene, akaimenya magome, akaianika kivulini mpaka ikakauka ndipo akachimbia. Mzee yule katangulia mbele ya haki, nguzo zake bado zimesimama.

Kosa langu ni kumwachia mtu kazi nikashinda dukani. Hilo wife ameshanisema vya kutosha, msirudie.

Jumamosi nang'oa zilizobaki. Fundi aliacha sururu yake kwenye kibanda changu, na juzi kamtuma kijana aifuate. Nimemrudisha mikono mitupu. Aje mwenyewe.